Nguvu, Kani na Mkono wa Spana: Lugha Katika Mwaka wa Kwanza wa Mwanafunzi wa Uhandisi

Utangulizi

Mwanafunzi anayejiunga na chuo kikuu nchini Kenya kusomea uhandisi aghalabu huonywa mapema kuhusu ugumu wa hisabati, mkopo unaochelewa na usiku usiokuwa na usingizi. Maonyo hayo yana ukweli wake. Shahada yenyewe huchukua miaka mitano, mmoja zaidi ya shahada nyingi nyinginezo, na mwaka wa kwanza hujazwa kalkulasi, aljebra, fizikia, kemia, uchoraji wa kiufundi na mazoezi ya karakana. Hata hivyo, lipo jambo jingine ambalo ni nadra kutajwa katika hafla za kuwakaribisha wanafunzi wapya, nalo ni lugha. Makala hii inadhamiria kulichunguza jambo hilo.

Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba sehemu ya ugumu wa mwaka wa kwanza haitokani na uhandisi wenyewe, bali na kukutana kwa sajili ambazo hakuna mtu aliyejitolea kuzitambulisha. Ipo sajili ya mhadhara, ambayo ni ya Kiingereza. Ipo sajili ya fundi, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiswahili. Ipo pia lugha ya wanafunzi wenyewe, ambayo huchota kokote inakoweza kuchota. Kijana huyu alisoma isimu jamii katika shule ya upili; katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE huenda aliulizwa ataje sifa za sajili ya hospitalini au ya mahakamani, akazitaja zote bila kusita. Miezi michache baadaye anaingia katika sajili ambayo haikuwahi kuulizwa katika mtihani wowote, na hakuna anayemwambia kwamba ameingia.

Ikumbukwe kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Wapenzi wa Kiswahili hukinukuu kifungu hicho katika kila kongamano. Ni wachache wanaokwenda hatua mia mbili kutoka katika ukumbi wa kongamano hadi kwenye karakana ya uhandisi kutazama lugha hiyo rasmi inavyotumika huko.

Jina linalotangulia kazi

Barua ya kujiunga na chuo ikifika tu, kijiji humpa kijana jina jipya. Huitwa injinia. Mashangazi humwita hivyo, mwalimu wake wa zamani humwita hivyo, na jirani ambaye redio yake imeharibika humletea redio hiyo siku iyo hiyo. Kijana hajashika spana. Kisheria jina hilo liko mbali naye: Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011 inamtaka mtu ahitimu, asajiliwe na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, kisha afanye kazi kwa miaka kadhaa kabla ya kutambuliwa kuwa mhandisi kamili. Kijiji hakiisomi sheria hiyo, na pengine si kazi yake kuisoma. Lakini jina lililotolewa mapema ni mzigo. Mwanafunzi anayepata alama 38 katika mtihani wa kwanza wa kalkulasi, ilhali alama ya kupita ni 40, huwa hajui atamwambia nini shangazi anayempigia simu na kumwamkua, “Injinia wetu, masomo yaendaje?” Hujibu kwamba yanaendelea vizuri.

Kiswahili kina majina matatu katika eneo hili, na asili zake zinafaa kutazamwa. Injinia limetoka katika Kiingereza, na halihitaji maelezo. Mhandisi linatokana na neno la Kiarabu handasa, ambalo Waarabu nao walilipata kwa Waajemi kutokana na neno andaza, yaani kipimo. Kwa asili ya neno, basi, mhandisi ni mtu wa vipimo. Fundi nalo huhusishwa na kitenzi funda, ambacho ndicho kilichotupatia fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Fundi na mwanafunzi ni ndugu wa ukoo mmoja katika lugha, lakini jamii imewatenga. Mzazi anayelipa karo ya uhandisi hataki mwanawe aitwe fundi. Mtengano huo, kama itakavyobainika, hauishii katika heshima tu; umeingia pia katika maana za maneno.

Neno moja, maana nyingi

Chukua mfano wa kubuni wa msichana aliyelelewa Mwingi, ambaye baba yake ana kibanda cha kutengeneza baiskeli kando ya soko. Nyumbani huzungumza Kikamba na mamake, kibandani Kiswahili na wateja, shuleni Kiingereza na walimu. Tangu utotoni ameona nati iliyoshika kutu ikikataa kulegea. Baba huchukua kipande cha bomba, hukivika kwenye mkono wa spana ili urefuke, husukuma mara moja, na nati hulegea. Msichana alipouliza sababu, baba alimjibu, “Mama, mkono ukirefuka, nguvu inaongezeka.”

Jibu hilo lilimtosheleza kwa miaka kumi. Halafu akaingia chuo kikuu, na katika jaribio la kwanza la mekanika akakutana na swali lililouliza, kwa Kiingereza, iwapo bomba linaongeza kani inayotolewa na mkono. Aliandika kwamba linaongeza. Alipata sufuri.

Mhadhiri hakukosea. Kani ya mkono ni ile ile, bomba liwepo au lisiwepo. Mtu akisukuma kwa kani ya nyutoni 200 kwenye spana yenye urefu wa mita 0.2, momenti inayoizungusha nati ni nyutoni-mita 40. Akirefusha mkono kwa bomba hadi mita 0.6 na kusukuma vile vile, momenti huwa nyutoni-mita 120. Kilichoongezeka mara tatu ni momenti, yaani zao la kani na umbali, wala si kani. Je, baba naye alikosea? Hakukosea. Alipotamka nguvu alikuwa akizungumzia uwezo wa kuizungusha nati, na uwezo huo kweli uliongezeka. Neno lake lilikuwa pana, na swali la mhadhiri lilikuwa jembamba. Msichana alilibeba neno pana hadi mahali pembamba, na hakuna aliyemwambia kwamba mlango umebadilika.

Nguvu ni neno lenye ukarimu mwingi. Mtu ana nguvu, injini ina nguvu, stima ina nguvu, chai ina nguvu, hata hoja huwa na nguvu. Mwanafizikia hana nafasi ya ukarimu huo. Anapotaka kuzungumzia kinachosukuma au kuvuta, Kiswahili sanifu kimempa neno kani. Anapotaka kuzungumzia kile kinachotumika na kulipiwa, kimempa nishati. Kiwango cha kuitumia nishati hiyo kwa kila sekunde ni jambo la tatu. Na ustahimilivu wa chuma kinachokataa kukatika ni jambo la nne, ambalo lingefaa kuitwa uimara. Fundi huyaita yote manne nguvu na kazi yake haiharibiki, kwa sababu anaposema neno hilo huwa amekishika kitu chenyewe mkononi. Mwanafunzi hana kitu mkononi. Ana karatasi.

Mfano wa stima ni wa kila siku. Anayenunua tokeni za umeme husema amenunua stima, na yuniti moja aliyonunua ni kilowati-saa moja, sawa na jouli 3,600,000. Amenunua nishati. Balbu ya wati 100 ikiwaka kwa saa kumi huimaliza yuniti hiyo. Pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja. Mama anayelalamika kwamba pasi “inakula stima” amesema jambo sahihi kabisa kuhusu tofauti kati ya nishati na kasi ya kuitumia, na angeshangaa kuambiwa kwamba hilo ni somo la mwaka wa kwanza ambalo watu hulifeli.

Uzito nao una kisa chake. Sokoni kilo ni uzito, na hakuna mama mboga atakayekubali kusahihishwa. Darasani kilo hupima tungamo, na uzito hupimwa kwa nyutoni, kwa kuwa uzito ni kani ya dunia inayokivuta kitu. Msichana wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 589 hivi. Na neno kazi ndilo linalouma zaidi. Kibarua anayesimama saa nzima akiwa amebeba gunia begani bila kusogea, kwa mujibu wa fizikia, hajafanya kazi yoyote juu ya gunia hilo, kwa maana gunia halikusogea. Mwanafunzi akienda na maneno hayo nyumbani likizoni, atakuwa amejitafutia ugomvi.

Huenda ikapingwa hapa kwamba mwanafunzi huyu amejifunza fizikia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, na kwa hivyo nguvu haimhusu. Pingamizi hili lina uzito, lakini halitoshi. Katika shule ya upili mwanafunzi anaweza kupata alama ya juu kwa kuijua fomula na kuingiza tarakimu. Chuoni huanza kuombwa aichore hali yenyewe: kitu hiki kimesimama, ni kani zipi zinakivuta, kutoka wapi, kuelekea wapi? Hapo fomula haisaidii mpaka mtu aione nati, bomba na mkono. Na anapoiona nati, anaiona katika lugha aliyoijulia. Hali kadhalika, si kweli kwamba tatizo ni la Kiswahili pekee. Waingereza nao wana maneno ya kazi na nguvu ya mtaani yanayogongana na ya maabara, na wanafunzi wao hukosea pale pale. Tofauti ni kwamba neno la Kiingereza hushikwa na mhadhiri mbele ya darasa, likapunguzwa upana wake hadharani. Neno la Kiswahili hakuna anayelishika. Linabaki pana vile lilivyokuja, na linaendelea kufanya kazi kimyakimya kichwani mwa mwanafunzi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba maneno membamba yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, na Tanzania imekuwa na baraza la lugha, BAKITA, tangu 1967. Katika istilahi za huko mna neno mchapuko, kutokana na kitenzi chapuka, kwa maana ya kuongezeka kwa kasi. Mna neno kanieneo. Hili la pili linastahili kusifiwa. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo, na neno lenyewe limeibeba fomula yake tumboni. Mtu mwenye uzito wa nyutoni 600 akivaa viatu ambavyo nyayo zake, zote mbili, zinagusa ardhi kwa eneo la mita mraba 0.03, kanieneo yake juu ya ardhi ni paskali 20,000. Akisimama kwa kisigino kimoja chembamba cha sentimita mraba moja, hupanda hadi paskali 6,000,000, na ndiyo sababu kisigino huzama kwenye nyasi ambapo kiatu bapa hakizami. Neno la Kiingereza halimwambii mwanafunzi chochote kuhusu eneo. La Kiswahili linamwambia kabla hajafungua kitabu. Lakini ni mwanafunzi yupi wa uhandisi nchini Kenya aliyewahi kulisikia?

Tupa, faili na jiliwa

Iwapo mhadhara ni uwanja wa Kiingereza, karakana ni uwanja wa fundi. Zoezi la kwanza katika mazoezi ya karakana aghalabu ni la kuudhi: mwanafunzi hupewa kipande cha chuma laini na tupa, huambiwa akisawazishe mpaka nyuso zake ziwe bapa na pembe zake ziwe za digrii 90. Hakuna mashine. Chuma hubanwa kwenye jiliwa, tupa husukumwa mbele kwa uzani wa mwili na kuinuliwa kidogo inaporudi. Mgeni huisugua mbele na nyuma kama anayepiga mswaki, na baada ya saa moja uso wa chuma huwa umevimba katikati kama mgongo wa samaki. Fundi mkuu hukichukua, hukiegemeza kwenye kipimio cha pembe-mraba, hukiinua kuelekea dirishani, na mwanga hupenya pale ambapo haukutakiwa kupenya. Hukirudisha bila neno. Wapo wanafunzi waliorudia zoezi hilo kwa majuma matatu.

Hapo ndipo lugha inapoleta kicheko na wakati mwingine aibu. Kamusi inasema tupa. Mafundi wengi husema faili. Kwa mwanafunzi, faili ni ile ya kuhifadhia karatasi ofisini, na anapoambiwa “lete faili” huanza kuufungua mkoba wake. Fundi mwingine, mzee aliyejifunzia kazi Pwani, husema tupa, na mwanafunzi anayesikia “leta tupa” hubaki akijiuliza alete au atupe. Jiliwa wengi hulijua kwa jina la vaisi. Parafujo imezidiwa na skrubu. Tindo na patasi, ambazo kamusi huzitofautisha kwa kuwa moja ni ya chuma au jiwe na nyingine ya mbao, huchanganywa bila huruma. Timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma unaomwonyesha mwashi kama ukuta umesimama wima, ni neno zuri ambalo limebakia midomoni mwa waashi huku wanafunzi wakiliita kwa maelezo marefu.

Mtafiti wa Kiswahili anayesikia faili na vaisi hukunja uso. Haifai akunje uso haraka. Maneno hayo yametoholewa na watu wanaofanya kazi, yamepewa irabu za mwisho, yamepokea upatanisho wa kisarufi, na yanaeleweka kutoka Kisumu hadi Mombasa. Mwenye deni hapa ni mtu wa kamusi, si fundi.

Fundi pia ana elimu ambayo haina jina darasani. Katika uchoraji wa kiufundi mwanafunzi hufundishwa kuukunjua uso wa pia ili kupata umbo lake bapa. Faneli ambayo mdomo wake una nusu kipenyo cha sentimita 10 na ubavu wa mshazari wa sentimita 25, ikikunjuliwa hadi kwenye ncha yake, huwa kipande cha duara chenye pembe ya digrii 144. Hupatikana kwa kuzidisha 360 kwa 10 na kugawanya kwa 25. Mwanafunzi huitafuta pembe hiyo kwa karatasi mbili za hesabu. Fundi wa mabati huko Kamukunji, Nairobi, hukata umbo hilo hilo kila siku akitumia bikari, chaki na kigezo cha bati kuukuu, hulikunja, na faneli hufunga bila pengo. Huenda sanduku la bati alilolibeba mwanafunzi kwenda kidato cha kwanza lilitoka katika mikono kama hiyo. Watu hawa wawili wanaifanya kazi moja na hawana neno moja la kuzungumzia.

Lugha ya usiku

Yapo mafunzo mengine ambayo hayamo katika ratiba. Hufanyika usiku, katika chumba cha watu wawili kilichokaliwa na sita, mbele ya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Wanafunzi huitana komredi. Jaribio la muhula huitwa kati, na kwa bahati njema huangukia kweli katikati ya muhula. Mtihani wa kurudia huitwa sapu, neno ambalo hutamkwa kwa sauti ya chini. Karatasi ndogo ya kuibia mtihani huitwa mwakenya. Hili la mwisho lina historia: lilikuwa jina la vuguvugu la siri la miaka ya 1980 lililopinga serikali na kusambaza vijikaratasi kwa kificho. Siasa imeisha, kijikaratasi kimebaki. Mwanafunzi wa leo anayelitumia neno hilo pengine hajui kwamba watu walifungwa gerezani kwa ajili yake.

Katika chumba hicho ndimi huchanganywa bila kuombwa radhi. “Hii fosi inavuta huku, hii ingine inairudisha, zikilingana, kitu hakiendi.” Msemaji huenda alikaa kimya katika mhadhara wote wa asubuhi. Ukimya huo umezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa ni uvivu. Aghalabu ni woga wa kuuliza swali kwa Kiingereza kisichonyooka mbele ya wenzake mia mbili, ambao baadhi yao wametoka katika shule ambazo Kiingereza ni lugha ya uwanjani. Wasichana, ambao ni wachache katika madarasa haya, huwa na mzigo wa ziada, kwa kuwa swali la mmoja wao hukumbukwa na darasa zima. Usiku, kwa lugha isiyosahihishwa na mtu, swali hutoka. Na jibu lililonukuliwa hapo juu ni kanuni ya usawa wa kani, imeelezwa kwa usahihi katika sentensi moja yenye neno fosi. Mpenzi wa Kiswahili sanifu angetamani neno kani litumike. Ni haki yake. Lakini asisahau kwamba neno fosi lilikuwapo chumbani saa saba za usiku, na kani haikuwapo.

Vyuo vikuu hutoa kozi ya stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kozi hiyo ina manufaa, hasa katika uandishi wa ripoti. Huendeshwa kwa Kiingereza na humhesabu mhandisi kuwa mtu atakayeandikiana barua na wahandisi wenzake. Jambo lililosahauliwa ni kwamba kazi kubwa ya mhandisi wa ujenzi hapa nchini hufanyika kwa mdomo, kwa Kiswahili, akiwa amesimama kando ya mafundi na vibarua. Chukua zege. Mchanganyiko unaojulikana na kila fundi ni wa moja, mbili, nne: saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne, na kipimo chenyewe ni karai au toroli. Maji hayatajwi katika hesabu hiyo. Kibarua huyaongeza ili zege iwe laini na koleo lipite kwa wepesi. Mhandisi anajua kwamba maji yanapozidi kulingana na saruji, uimara wa zege hupungua, kwa kuwa maji yasiyotumiwa na saruji huacha vitundu vidogo yanapokauka. Anayajua hayo kwa Kiingereza na kwa grafu. Asipoweza kuyaeleza kwa Kiswahili ambacho kibarua atakiamini, maji yataendelea kumiminwa pindi atakapoondoka, na nguzo itasimama ikiwa na vitundu ndani yake. Zipo familia zitakazolala juu ya nguzo hiyo.

Nafasi ya chama cha Kiswahili

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimezoea kushindana katika ushairi, kuigiza tamthilia teule na kualika wasomi. Shughuli hizo ziendelee. Lakini pana kazi iliyo karibu zaidi na isiyohitaji nauli. Wanafunzi wawili wa Kiswahili wakiomba kukaa katika karakana alasiri moja kila juma, wakiwa na daftari, wanaweza kukusanya majina ya vifaa na vitendo kama yanavyotamkwa na mafundi, wakayaweka kando ya yale ya kamusi na yale ya mhadhara. Orodha ikibandikwa ukutani juu ya jiliwa, mwanafunzi mpya ataona kwa mara ya kwanza kwamba faili, tupa na neno la mwongozo wake wa karakana ni kitu kimoja. Mafundi wenyewe wawe wasahihishaji wa mwisho, na majina yanayobishaniwa yaandikwe yote. Si lazima kusubiri baraza la taifa liundwe au kamati iidhinishe. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, ambaye ndiye anayetajwa kuwa aliliunda neno runinga, hakusubiri kamati.

Na wanafunzi wa uhandisi nao waalikwe katika vikao vya chama, si kama wasikilizaji wa mashairi tu. Waombwe waeleze kwa Kiswahili, kwa dakika kumi, jambo moja walilojifunza juma hilo. Watakwama. Pale watakapokwama ndipo pana utafiti wa shahada ya uzamili uliolala bila mwenyewe.

Likizo ya Agosti

Msichana wa Mwingi, katika mfano huu, alirudi nyumbani mwishoni mwa mwaka akiwa amepita masomo yote isipokuwa moja, ambalo angelifanyia sapu Septemba. Hakulificha. Alikaa kibandani na baba yake, akachukua spana na bomba, akamwambia kwamba mkono ukirefuka nguvu haiongezeki. Baba alicheka, akavika bomba, akalegeza nati, akauliza, “Sasa hii iliyofungua ni nini?”

Alijaribu kumweleza. Alisema mkono unasukuma kwa kiasi kile kile, ila nati inauhisi msukumo huo kutoka mbali. Akachora mstari mavumbini, mfupi na mrefu, akaweka kokoto mwishoni mwa kila mmoja. Neno momenti halikumfaa, kwani baba alilisikia kama jina la mtu. Mteja aliyekuwa akingoja baiskeli yake alisogea kutazama. Baba aliitazama michoro kwa muda, akaipima spana kwa shubiri, akalipima na bomba.

“Kwa hivyo ziko mbili,” alisema. “Iko nguvu ya kusukuma na iko nguvu ya kuzungusha. Ya kusukuma ni yangu. Ya kuzungusha ni yangu mara urefu.”

Msichana aliiandika sentensi hiyo nyuma ya daftari lake la mekanika, chini ya fomula.